Meno ya Mjukuu na Maji ya Nakuru



Ukurasa huu tumeuacha kwa muda, na wasomaji wetu wana haki ya kuujua udhuru. Mkataba wetu wa kusomesha ulimalizika, wa pili haukupatikana. Mtu asiye na kazi hudhaniwa ana wasaa wa kuandika. Sisi tulikuta kinyume chake, kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Tukapanda basi hadi Nakuru kwa binti yetu.

Asubuhi ya pili mjukuu wetu, wa miaka tisa, alicheka mbele yetu, tukaona meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia. Tukamuuliza mama yake, kwa sauti tuliyoijutia baadaye: "Mwanangu, mtoto huyu hapigi mswaki?" Hakujibu. Alikwenda jikoni, akajaza gilasi, akaiweka mezani.

"Ni haya, Baba. Maji ya kisima."

Yalikuwa maangavu, hayana rangi wala harufu. Lakini ardhi ya Bonde la Ufa ni ya miamba ya volkano. Menengai yenyewe, na shimo lake kubwa, iko juu ya mji. Maji yakaayo chini ndani ya miamba hiyo huyeyusha madini yaitwayo floridi. Kidogo chake hulinda meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Kikizidi huyaharibu, na kikizidi mno kwa miaka mingi huifikia hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hilo hupita hapo. Jino hudhurika likiwa bado laumbwa ndani ya ufizi, kabla halijaota, basi hakuna mswaki utakaoliondoa doa lile. Kuchemsha, ambako akina mama hukutegemea, huua vijidudu tu: mvuke hupanda, floridi hubaki, na maji yaliyopungua chunguni huwa makali zaidi.

Tulinyamaza, wala si kwa ajili ya mjukuu peke yake. Miaka mingi nyuma, katika chuo tulichosomesha huku pwani, aliletwa mvulana aliyelelewa Naivasha. Siku ya somo la tohara tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukayafanya meno yake kuwa mfano wa mtu aipuuzaye sunna ya mswaki. Tangu siku ile alipozungumza aliweka kiganja mdomoni. Sisi tuliihesabu ile kuwa ni adabu.

Habari za kuwapo sheikh mtaani hazikai. Jioni ile alikuja jirani, mama wa watoto wanne, na swali ambalo hatukuwahi kulikuta katika vitabu vyetu kwa sura hiyo. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imeshughulika kwa miaka na machujio ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwani mkaa huo huinasa floridi. Je, maji yaliyopita kwenye mifupa ya mnyama asiyejulikana mchinjaji wake ni halali kwetu? Sisi Mashafii twaihesabu mifupa ya mzoga kuwa najisi, na kuichoma hakuitoharishi. Mahanafi wameona wepesi katika mifupa yenyewe na katika kitu kilichogeuka dhati yake. Mnyama aliyechinjwa kisheria hana mjadala. Tulimwambia aulize mifupa yatoka machinjio gani, na asipopata jawabu, ashike kauli ya Mahanafi kwa ajili ya afya ya watoto. Tukaongeza kwamba maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa: paa safi la mabati, mfereji na tangi, na hayo yawe ya kunywa na kupikia kwa wale wadogo kwanza. Asingoje sisi wanavyuoni tumalize kuhojiana, meno hayangoji.

Usiku ule kalamu ilikubali. Hata hivyo makala haya si ya kwanza kuandikwa. La kwanza lilikuwa barua kwa yule mvulana, sasa mtu mzima aliyerudi kwao Naivasha, kupitia kwa mjomba wake, ya kumtaka radhi kwa siku ile ya chuoni.

Alijibu kwa ujumbe mfupi wa simu. Ametusamehe, alisema, na mwanawe wa kwanza ana miezi minne. Kisha akauliza: tangi la lita ngapi litawatosha?