Matundu Manne na Namba ya Simu

Mwaka jana mwezi Machi nilitolewa mfuko wa nyongo hapa Leicester, Uingereza. Niliingia hospitali saa moja asubuhi na njaa yangu ya tangu usiku, na saa kumi na moja jioni nilikuwa nimelala kwenye kochi la rafiki yangu, plasta nne tumboni. Miezi saba baadaye mama mdogo alifanyiwa operesheni hiyohiyo Tanzania, ya matundu vilevile, kwa sababu ya mawe yaliyomkosesha raha kila alipokula chakula cha mafuta. Alilala wodini usiku mmoja akaruhusiwa. Mimi nilipona kwa wiki mbili. Yeye nusura tumzike.

Ndugu wakisikia habari hizi mbili husema haraka: wenzetu wana vifaa. Sikubaliani nao. Aliyempasua mama mdogo alikuwa na kamera, mtungi wa gesi na vyombo vya namna ileile iliyotumika kwangu. Upasuaji wa matundu si mgeni kwetu. Muhimbili wanaufanya, KCMC wanaufanya, Bugando wanaufanya, na chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini makao yake makuu yako Arusha. Tofauti niliyoiona mimi ilianza baada ya uzi wa mwisho kufungwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Ukishalala usingizi wa dawa, tumbo hujazwa hewa ya kabonidayoksaidi mpaka linaumuka kama andazi, ili daktari apate nafasi ya kuona. Kamera huingia kitovuni, vyombo vyembamba huingia kwenye matundu mengine matatu. Mfuko wa nyongo umejibanza chini ya ini, na kamrija kake huungana na mrija mkuu unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Daktari makini hakati kitu mpaka asafishe eneo lile na kuona vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko: kamrija hako na mshipa wake wa damu. Akiukata mrija mkuu kwa bahati mbaya, mgonjwa ana safari ndefu mbele yake. Ajali hiyo huwapata wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 1,000, zaidi kuliko enzi za kupasua tumbo zima. Njia hii ina faida za kweli: maumivu machache, kidonda kisichooza kirahisi, kurudi kazini mapema. Lakini anayeisifu na aliseme na hilo la mrija.

Tena madhara mengine hayaonekani pale mezani. Klipu iliyobana kamrija inaweza kuachia, nyongo ikaanza kuvuja kidogokidogo. Utumbo uliounguzwa na chombo cha umeme unaweza kutoboka siku kadhaa baadaye. Wakati huo mgonjwa ameshafika kwake na watu wanakuja kumpa pole. Mwaka 2010 wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza uliwaonya madaktari juu ya jambo hilihili: aliyefanyiwa upasuaji wa matundu anatakiwa apate nafuu siku hadi siku, na asiyepata nafuu achunguzwe upya bila kusubiri.

Ndiyo maana nesi alikaa kitandani kwangu na karatasi mbili, akanisomea mstari kwa mstari. Bega la kulia litauma siku mbili tatu, ni ile hewa iliyobaki chini ya kiwambo cha mapafu, usiogope. Maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, ukipata homa, ukitapika mfululizo, macho yakiwa ya manjano, piga namba hii, usiku au mchana. Asubuhi yake wakanipigia wao.

Kwa upande mwingine kuna jambo lililoniliza. Hawakuniruhusu kutoka mpaka nitaje mtu mzima atakayekaa nami saa 24. Nilipigia watu watano, wote wana zamu. Wa sita aliomba ruhusa kazini. Mama mdogo hakuhitaji kutafuta mtu: wifi zake walikuwa jikoni wanakoroga uji, majirani wamejaa barazani, binti yake analala naye chumba kimoja. Uangalizi wa namna hiyo hapa ninapoishi haununuliki.

Ila watu wote wale hawakuambiwa waangalie nini. Cheti chake cha kuruhusiwa, nilichotumiwa picha yake, kilikuwa na mistari mitatu: jina la operesheni, dawa, na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Siku ya tatu akapata homa. Wakasema malaria, wakanunua dawa dukani. Siku ya tano nilimpigia kwa video.

“Mama mdogo, hebu nionyeshe macho.”

Akalivuta kope chini kwa kidole. Weupe wa jicho ulikuwa kama umepakwa manjano ya mchuzi.

“Uchovu tu, mwanangu. Tarehe yangu ya kurudi bado.”

Alirudishwa hospitali usiku ule. Walimwekea mrija ubavuni, ikatoka nyongo zaidi ya lita moja. Baadaye akapelekwa Dar es Salaam, wakapitisha kamera mdomoni mpaka kwenye njia ya nyongo na kumwekea kijirija cha kuizuia isivuje. Alikaa wiki sita, na shamba la mihogo likauzwa.

Utafiti mkubwa wa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika, uliona kuwa wanaofariki baada ya kupasuliwa ni mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu ni vijana zaidi. Wengi mno hawakufia mezani, walifariki katika siku zilizofuata. Najua nesi mmoja anabeba wodi nzima, simlaumu. Lakini karatasi ya Kiswahili na laini ya simu inayopokelewa usiku havigharimu hata robo ya bei ya ile kamera.

Mpaka hospitali zetu zianze kuvitoa, nakuomba wewe mwenye mgonjwa: msitoke wodini kabla ya kuuliza dalili za hatari na kuandika namba ya mtu atakayepokea simu. Na maumivu yakiongezeka siku ya tatu, au homa ikipanda, au macho yakibadilika rangi, msinunue dawa ya malaria. Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe kwenye cheti haijafika.