Maneno Tuliyoyakuta Granada

Miezi miwili kabla ya safari yetu ya Hispania, sisi watatu wa kamati ya msikiti tulinunua daftari moja, na kila usiku baada ya Swala ya Isha tukaketi barazani kujifunza Kihispania. Mweka hazina wetu, mzee aliyekwisha kupita miaka sitini, alitahadharisha mapema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hata hivyo aliahidi kujitahidi, kwani hakutaka kufika ugenini akawa bubu.

Katika ukurasa wa kwanza tuliandika yale ambayo Mwislamu hapaswi kusafiri bila ya kuyajua: agua, maji, pan, mkate, pescado, samaki, vino, mvinyo, na cerdo, nguruwe. Matamshi hayakutusumbua sana. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu. Herufi ñ ni ile ny ya nyumba, kwa hiyo mañana, yaani kesho, husomwa manyana. Herufi h haitamkwi kabisa, na herufi j hutoka kooni, jambo jepesi kwa aliyepita madrasa.

Wiki ya pili tukaanza kukutana na jamaa. Mesa ni meza, neno ambalo sisi tuliletewa na Wareno, ambao lugha yao ni ndugu wa Kihispania. Azúcar ni sukari. Azafrán ni zafarani. Aceituna ni tunda la zeituni, na fulano ni fulani. Hasta, yaani mpaka, ni hata yetu, ile hatta ya Kiarabu tunayoisoma katika Suratul Qadr. Mzee wetu alifurahi sana, akasema kumbe tunakwenda kwa majirani. Sababu yake inajulikana: Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, wakaishi huko karne nyingi, na Kiarabu kikaingia sokoni, jikoni na shambani.

Granada tulifikia katika mtaa wa kale wa Albaicín, ulio juu ya kilima, wenye vichochoro vilivyotandazwa mawe. Ng'ambo ya bonde la mto Darro imesimama Alhambra, ambayo jina lake ni la Kiarabu, maana yake nyekundu. Katika kuta zake yamechongwa mara nyingi maneno yasemayo kwamba hakuna mshindi ila Allah. Mitaani yapo matangi ya kale ya maji yanayoitwa aljibe, kutokana na al-jubb, neno lile lile la kisima alichotupwa Nabii Yusuf (amani iwe juu yake). Kila tulipopita tulifungua daftari, tukaongeza neno.

Siku ya pili tuliingia katika duka dogo. Mzee wetu aliona pakiti ya biskuti zilizoandikwa mantecados. Akakumbuka kwamba siagi ni mantequilla, akapiga hesabu yake kuwa hizo ni biskuti za siagi, akaiweka pakiti mezani na kusema buenos días kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Mama muuzaji alizitazama kofia zetu, akaifunika pakiti kwa kiganja chake na kutikisa kichwa. "Lleva manteca de cerdo," alisema. Tulilifahamu neno la mwisho kabla ya mengine, kwa kuwa lilikuwa katika ukurasa wa kwanza. Mantequilla ni siagi. Manteca kumbe ni mafuta ya nguruwe. Mama yule angeweza kuchukua fedha akanyamaza. Badala yake alitupimia machungwa na zeituni. Mzee akaweka mkono kifuani, akasema, "Gracias, señora."

Alipokuwa akipima, mama yule alitazama mbingu kupitia mlangoni, akasema, "Ojalá llueva." Neno la kwanza halikuwamo daftarini mwetu. Kijana mwenzetu anayesoma huko, aliyekuwa amefuatana nasi, alitueleza kuwa maana yake ni laiti mvua ingenyesha, na kwamba ojalá asili yake ni Kiarabu. Ndani yake limo jina la Allah, kama lilivyomo katika inshaallah yetu. Tukamwomba amuulize mama yule iwapo analijua hilo. Akajibu kwa tabasamu kwamba ni neno la bibi yake tu.

Ijumaa tuliswali katika msikiti mkubwa wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003, ambao bustani yake inatazamana na Alhambra. Baada ya swala tulikaa humo, tukakumbushana yale tuliyosoma chuoni. Katika mapatano ya Novemba 1491 Waislamu wa Granada waliahidiwa dini yao na misikiti yao, na tarehe 2 Januari 1492 mji ukakabidhiwa. Ahadi ile haikudumu. Walilazimishwa kubatizwa, na mwaka 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Philip wa Pili ya kupiga marufuku Kiarabu, kusemwa na kuandikwa. Walipewa miaka mitatu wawe wamejifunza Kihispania. Kuanzia mwaka 1609 hadi 1614 vizazi vyao vilifukuzwa nchini.

Mzee wetu alilifunga daftari akalipakata. Akasema, "Hawa nao walikuwa wanafunzi wa ukurasa wa kwanza." Hatukuwa na la kuongeza. Sisi tulijifunza agua na pan kwa hiari, huku tukicheka tulipokosea. Wao walijifunza maneno hayo hayo kwa hofu, na baba aliyemfundisha mwanawe Kiarabu alifanya hivyo kwa kujificha. Maneno mengi yalisalimika kinywani mwa watu. Kilichopotea ni yule wa kumweleza mtoto maana yake.

Tulirejea nyumbani salama, alhamdulillah. Jioni ya kwanza tulimwambia binti yetu wa miaka minane avipange viatu mlangoni. Akajibu, "Inshaallah," akaendelea kucheza. Tulikuwa tumelisikia jibu hilo mara nyingi, na pengine alilipata kwetu sisi wenyewe, tunapomwahidi mtu jambo tusilokusudia kulitenda. Nyumbani kwetu hakuna amri ya mfalme, wala hakuna anayetuwekea miaka mitatu. Tukamwita akaketi karibu nasi.

"Umelitaja jina la nani?" tulimuuliza.

Akafikiri. "La Allah, baba."

"Na umesema nini juu Yake?"

Hapo akanyamaza. Basi tulimfafanulia neno hilo, kipande kwa kipande, kama tulivyofanya barazani kwa maneno ya Kihispania. Alipomaliza kusikiliza aliinuka akavipanga viatu, na vyetu pia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwarithishe watoto wetu maneno pamoja na maana zake. Amin.