Stakabadhi ya Kisima

Ndugu msomaji, mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Nilipata cheti cha kazi hii mwaka 2010. Leo sitakueleza habari za mbolea wala za choo bora. Nitakueleza habari ya mjomba wangu, na yangu mwenyewe. Ni habari ya aibu. Lakini aibu ikifichwa haimfundishi mtu.

Kijiji chetu kipo katika Mkoa wa Singida. Huko mvua ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Baada ya hapo mito hukauka. Akina mama huchimba mashimo katika mchanga wa mto. Hungoja maji yajikusanye, kisha huyachota kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Ng'ombe na punda nao hunywa hapo hapo. Ndiyo maana kwetu ugonjwa wa kuhara ulikuwa hauishi.

Mwaka 2008 tuliambiwa kwamba tutachimbiwa kisima cha pampu. Kijiji kilitakiwa kuchangia sehemu ya gharama. Mkutano ulikubali kila kaya itoe shilingi 5,000. Mjomba wangu alikuwa Mtendaji wa Kijiji. Yeye ndiye aliyekusanya fedha na kuandika stakabadhi. Watu walitoa. Wengine waliuza kuku. Wengine waliuza alizeti mapema, kabla bei haijapanda.

Miezi ilipita. Halafu tukaambiwa kwamba mchango wetu haukutimia. Kisima kikaenda kijiji kingine.

Watu walianza kulaumiana. Aliyetoa alimshuku jirani yake kuwa hakutoa. Wazee wawili wa kitongoji chetu waliacha kusalimiana kwa sababu hiyo. Wote wawili walikuwa wametoa. Huo ndio ubaya wa kwanza wa rushwa. Huwagombanisha wasio na kosa, na mwenye kosa hukaa pembeni akitazama.

Mwaka huo huo mimi nilipata nafasi ya kusoma chuo. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Mjomba alinilipia ada. Alininunulia godoro na viatu. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilimwona mjomba kuwa mtu mwema kuliko wote.

Mwaka 2017 nilihamishiwa kata yetu. Nilianzisha darasa la jioni katika shule ya msingi. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama na wazee. Walipokwisha kujua kusoma maneno mafupi na tarakimu, niliwaambia, "Kesho kila mtu aje na karatasi yoyote ya fedha aliyo nayo nyumbani. Tutajifunza kusoma stakabadhi."

Kesho yake bibi mmoja alikuja na karatasi iliyokunjwa ndani ya fundo la khanga. Alikuwa ameitunza miaka tisa katika kopo la majani ya chai. Ilikuwa stakabadhi ya kisima. Alisimama akaisoma polepole. Alisoma jina lake. Alisoma mwaka. Alipofika kwenye fedha, alinyamaza. Alirudia mara ya pili.

"Mwalimu, hapa pameandikwa mia tano?"

"Ndiyo, bibi. Shilingi mia tano."

"Sivyo. Mimi nilitoa noti ya kifaru. Karatasi hii inasema nyati."

Ndugu msomaji, miaka ile noti ya shilingi 5,000 ilikuwa na picha ya kifaru. Noti ya shilingi 500 ilikuwa na picha ya nyati. Asiyejua kusoma alizitambua fedha kwa picha. Lakini stakabadhi haina picha. Ina maandishi tu.

Wanafunzi wengine watano walikuwa na stakabadhi kama hiyo. Zote zilisema 500. Nilizichukua mkononi. Kabla sijaitazama sahihi, niliujua mwandiko. Ni mwandiko ule ule ulioniandikia barua nilipokuwa chuoni.

Tulifanya hesabu ubaoni. Kila mmoja alitoa 5,000, akaandikiwa 500. Zilizopotea ni 4,500. Kwa watu sita ni 27,000. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Na kama tulikuwa watu themanini?" Tukazidisha. Ikawa 360,000. Darasa zima likanyamaza. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza kibaba.

Kesho yake niliwauliza majirani waliosoma shule. Nao walinionyesha stakabadhi zao. Zao zilisema 5,000. Basi nikaelewa. Aliyejua kusoma aliandikiwa kweli. Asiyejua kusoma aliandikiwa uongo.

Jioni nilikwenda kwa mjomba. Wakati huo hakuwa mtendaji tena. Aliondolewa kazini mwaka 2012, kwa kuwa hakuweza tena kuongoza. Akiita mkutano, watu hawaji. Akiwaambia wachangie darasa la shule, hujibu, "Tuonyeshe kisima kwanza." Akiwaambia wachimbe vyoo, hucheka. Hawakuwa na ushahidi wakati ule. Lakini walihisi. Kiongozi aliyekula cha watu hupoteza sauti yake. Hata akisema jambo la kweli, hasikiwi. Wanaoumia ni watoto wanaokosa darasa na wanaoharisha.

Nilikumbuka pia msiba wa bibi yangu, mama yake mjomba, mwaka 2014. Watu walikuja wengi, maana msiba ni wa wote. Mjomba ndiye mwana mkubwa, tena ndiye msomi wa ukoo. Lakini daftari la rambirambi hakupewa yeye. Alipewa kijana wa jirani. Mjomba alikaa mkekani, macho chini, katika msiba wa mama yake mzazi. Siku ile sikuelewa. Sasa nilielewa.

Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia. Nikampa stakabadhi ya bibi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mshahara ulikuwa mdogo," alisema. "Nyumba yangu ilikuwa na watu tisa. Na wewe ulikuwa na barua ya chuo mkononi. Ulidhani ada inatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, sikulala. Mama yangu mwenyewe alikuwa akichimba maji mchangani miaka yote ile. Mke wa mjomba pia. Yeye alikula fedha za kisima, na maji aliyokunywa nyumbani kwake yalikuwa yale yale ya mto. Mimi nilipata cheti.

Nilifikiri kunyamaza. Nitasema kweli, nilifikiri sana kunyamaza. Lakini stakabadhi zilikuwa mikononi mwa wanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyewafundisha kuzisoma. Mwalimu anayefundisha watu kusoma, kisha akatamani wasisome, si mwalimu.

Siku ya darasa niliwaambia, "Aliyeandika stakabadhi hizi ni mjomba wangu. Ndiye aliyenisomesha. Siwezi kujua ni shilingi ipi ilitoka mfukoni mwake na ipi ilitoka kwenu."

Yule bibi alinitazama. Akasema, "Basi, mwalimu, umesoma kwa maji yetu. Sasa tufundishe mpaka tujue."

Tulilipeleka jambo hilo katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Bibi alisoma stakabadhi yake mbele ya watu wote. Mjomba alisimama akakiri. Alisema angerudisha. Aliuza mbuzi wake, akarudisha sehemu. Mimi nilikuwa nikiongeza kidogo kila mwezi mpaka deni la wale waliokuwa na stakabadhi likaisha. Mkutano uliamua pia kwamba habari hiyo iandikwe katika kumbukumbu na ipelekwe wilayani, maana kurudisha fedha si kufuta kosa. Wale wazee wawili walisalimiana siku hiyo.

Kisima kilichimbwa mwaka 2019, kwa mchango mpya. Safari hii stakabadhi zilisomwa kwa sauti, na hesabu zilibandikwa nje ya ofisi ya kijiji. Lakini miaka 11 ya kuchimba mchanga haikurudi. Watoto waliougua miaka hiyo hawakurudishiwa afya yao kwa mbuzi wa mjomba.

Ndugu msomaji, nchi yetu imelisema jambo hili kwa muda mrefu. Mwanachama wa TANU aliahidi kutopokea wala kutoa rushwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi miiko. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba iliichunguza rushwa. Ilieleza kwamba wapo wala rushwa wakubwa wenye tamaa, na wapo wadogo ambao kipato chao hakiwatoshi. Mjomba wangu alikuwa wa kundi la pili. Mwaka 2007 ilipitishwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na TAKUKURU ikaanza kazi kwa sheria hiyo.

Yote hayo ni mema. Lakini Azimio halikuwapo pale mjomba alipoandika 500. Jaji hakuwapo. Waliokuwapo ni watu wawili tu, mtendaji na bibi. Kama bibi angejua kusoma siku ile, mjomba asingethubutu. Bibi angepata maji. Na mjomba angebaki na heshima yake.

Kwa hiyo usidhani kwamba kumwuliza kiongozi hesabu ni kumvunjia heshima. Ni kumsaidia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wewe ni mjumbe. Ukitoa fedha, dai stakabadhi. Isome hapo hapo, kabla hujaondoka. Tazama jina, tarehe, kiasi na sahihi. Mkutanoni, uliza mapato na matumizi. Ukiona mambo hayaendi, TAKUKURU hupigiwa simu kwa namba 113, bila malipo.

Mjomba yu hai. Siku hizi anakuja darasani mara moja moja, anakaa nyuma. Mwezi uliopita nilimwomba aje awaonyeshe wanafunzi wapya jinsi ya kuandika stakabadhi. Alisita. Kisha alikuja. Mkono wake ulitetemeka. Aliandika ubaoni, kwa tarakimu na kwa maneno: Shilingi 5,000. Elfu tano tu. Bibi aliisoma kwa sauti, akasema, "Sawa."

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtendaji aliwaandikia wengine 5,000 na wengine 500?
2. Mjomba alipoteza nini kwa sababu ya fedha alizokula?
3. Je, mwalimu alifanya vyema kusema mambo ya mjomba wake mbele ya darasa? Wewe ungefanya nini?
4. Leteni stakabadhi mlizo nazo nyumbani. Zisomeni pamoja.