SAA GANI ITUPIGIE KENGELE?



Mwaka huu mimi njo kapita wa wanafunzi. Kila asubuhi ninasimama ku mlango na daftari, ninaandika majina ya wenye kuchelewa. Wengi ni wadogo wa kelasi ya saba, wale wanaovuka mto kwa mtumbwi. Anayeandikwa analima kiwanja. Kwa hiyo, wakati sisi wa mwaka wa mwisho tulipopanga kutengeneza kengele ya umeme yenye kujipiga yenyewe, nilikuwa na ulizo moja tu: hiyo kengele itahesabu dakika kwa kitu gani?

Kengele inaongozwa na mikrokontrola, ni kusema kompyuta ndogo ndani ya chipu moja. Chipu haijui wakati. Inajua tu kuhesabu mapigo ya umeme. Mapigo yakienda mbio, saa inaenda mbio. Yakilegea, saa inachelewa, na chipu haina habari. Tulikuwa na njia nne za kupata hayo mapigo.

Ya kwanza iko ndani ya chipu yenyewe. Chipu yetu, ATmega328P, ina mapigo 8.000.000 kwa sekunde, yanayotoka kwa rezistansi na kondensata. Haidai kifaa kingine wala feza, na inaamka mara moja. Wandugu wengine walisema: "Inatosha, juu ya nini kuongeza gharama?" Tukapiga hesabu. Namna inavyotoka kiwandani, inaweza kukosea mpaka 10 kwa 100. Hata tukiirekebisha tufike 1 kwa 100, siku ina sekunde 86.400, basi kosa ni sekunde 864: dakika 14 na zaidi kila siku. Kwa juma moja ni saa 1 na dakika 40! Kwa taa ya kuwakawaka, hii njia ni nzuri kabisa. Kwa kengele, hapana.

Ya pili ni resoneta ya kauri, ile ya mapigo 16.000.000 inayokuwa ku Arduino Uno. Hapa wengi wanadanganyika: wanaona mbio, wanafikiri ni ukweli. Kosa lake kwa kawaida ni nusu kwa 100, na hiyo ni dakika 7 kwa siku.

Ya tatu ni kwatzi ndogo ya saa za mkono, yenye mapigo 32.768 kwa sekunde. Juu ya nini namba hii? Igawanye kwa 2 mara 15, utabaki na 1: pigo moja kwa sekunde. Kosa lake mara nyingi ni 20 kwa 1.000.000, kama sekunde 2 kwa siku. Lakini inapenda digri 25. Ikipata joto au baridi inachelewa. Chini ya mabati kwa digri 45 inapoteza sekunde 1 tena kwa siku. Inataka pia kondensata zinazoipasa, na sahani safi, kavu. Unyevu wa hapa kwetu Yanonge unaweza kuisimamisha kabisa.

Ya nne ni chipu DS3231. Ndani yake kuna kwatzi pamoja na kipimajoto, inajirekebisha yenyewe. Kati ya digri 0 na 40, kosa lake halipiti 2 kwa 1.000.000, ni kusema kama dakika 1 kwa mwaka mzima. Tena ina betri yake ndogo: umeme wa jua ukiisha usiku, inaendelea kuhesabu. Bei yake inapita zile zingine, lakini hii njo tulichagua.

Sasa musikie vizuri. Hata hiyo haijui ni saa ngapi. Inashika tu ile tunayoipa. Sisi wa Tshopo tunatangulia Kinshasa kwa saa 1. Mtu akiipatanisha na saa ya Kinshasa, itatunza hilo kosa kwa uaminifu mwaka mzima. Kwa hiyo inafaa mtu mmoja aipime na redio kila siku ya posho, na kuandika katika kitabu.

Wazee wetu Walokele walituma habari kwa ngoma ya mti, kijiji kwa kijiji, kando ya mto huu. Mmisionari John Carrington aliandika juu yao mu mwaka 1949. Aliyesikia ngoma aliacha kazi yake akaitika, maana aliiamini. Kengele nayo inataka kuaminiwa hivyo, zaidi sana na mtoto aliyepiga kasia tangu giza.

Njo maana ninaomba walimu wetu neno moja. Kengele ipimwe kwanza mwezi mzima pamoja na redio. Mpaka hapo, anayefika nyuma ya kengele kwa dakika chache asiandikwe. Mimi niko tayari kufunga daftari langu.