Kijiji chetu kina watu wangapi?



Mwezi uliopita nilipanda kwetu, kule milimani Kaziba, kumwona wifi yangu aliyekuwa karibu kuzaa. Kutoka Bukavu mpaka Nyangezi hakukuwa na neno: tulibanana wanne kwenye kiti cha watatu, kama kawaida yetu. Kisha nikachukua pikipiki. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na pale mlima ulipokata njia motari akasimama. "Mama, mimi mwisho wangu ni hapa." Bei nilikuwa nimelipa yote tangu chini (mnawajua). Nikavua viatu, nikatembea karibu masaa mawili.

Usiku wa pili uchungu ukamshika wifi. Vijana sita wakaleta kipoyi cha mianzi na blanketi, tukashuka kwa taa za simu. Wanaume wanabadilishana mabega bila kusimama, na kila wakibadilishana kipoyi kinaruka, naye anauma shuka. Mimi nilikuwa nyuma, nashika mguu wake, namwambia apumue, na moyoni namfikiria jirani yetu aliyezalia kwenye njia ileile mwaka jana. Mtoto wake hakuishi.

Tulifika alfajiri. Msichana akazaliwa kabla hata sijamaliza kufungua mzigo wa nguo.

Nilipotulia nikamuuliza muuguzi kwa nini hatuletewi hata kituo kidogo huko juu. Akafungua kaye yake. "Mama, kwa hesabu tuliyo nayo, kijiji chenu kina watu 410." Nikacheka. Ukoo wetu peke yake unajaza upande mzima wa mlima! Ni hesabu ya zamani, akasema, kila mwaka wanaongeza kidogo. Ndiyo maana vyandarua vikija vinaisha kabla ya kufika nyumba za mwisho.

Nchi yetu ilihesabu watu wote mara ya mwisho mwaka 1984, ikiitwa bado Zaire. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Leo nina wajukuu. Katikati hapo watu wamezaa, wamekimbia vita, wengine wamerudi na wageni wamebaki.

Basi tukarudi juu, tukashika kaye mimi na kapita, tukapita nyumba kwa nyumba siku mbili. Mzee mmoja alificha mbuzi wake akidhani ni kodi. Mama mwingine alituongezea watoto wanne wa dada yake akidhani ni msaada, tukawafuta, akanuna. Mwisho tukapata nyumba 152, watu 871, pamoja na yule mchanga.

Niliporudi mjini binti yangu akanisomea habari za India. Huko walianzisha mwaka 2000 mpango wa barabara za vijijini: kijiji cha watu 500 kilichokosa barabara kipate moja ya kupitika hata wakati wa mvua, na kwenye milima watu 250 wanatosha. Nikapiga hesabu. Hata kwa zile 410 za muuguzi, sisi wa mlimani tungestahili! Kwa hiyo sisemi kwamba kaye italeta barabara. Lakini vyandarua na chanjo vinagawanywa kwa idadi, na hapo tunapoteza zaidi ya nusu ya watu wetu kila mara.

Muuguzi amepokea nakala, akaahidi kuipeleka kwa wakubwa wake. Vijana nao wameanza salongo ya Jumamosi pale njia ilipokatika. Wanawake wanabeba mawe kwa kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mihogo. Pikipiki ikipita hapo tu, safari ya kipoyi itapungua nusu.

Ninyi wenye kwenu Luhwinja, Burhinyi na Nindja, kapita wenu ana kaye? Yangu ninayo kwenye mkoba, nitaileta mkutano wa Alhamisi muone tulivyochora mistari.