Gitaa Linaponyamaza: Funzo la Jukwaa la Bluzi

Tangu mwaka 1984, wapigaji wa bluzi wamekuwa wakishindana mbele ya majaji mjini Memphis, Marekani. Wepesi wa vidole huhesabiwa, lakini si peke yake. Hupimwa pia sauti, upya wa utunzi, umilisi wa jukwaa na, zaidi ya yote, bluzi yenyewe iliyomo ndani ya wimbo. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachomhusu mhakiki wa fasihi.

Ubeti wa kawaida wa bluzi una vipimo 12 vya mapigo, vinavyogawika katika mishororo mitatu: wa kwanza husemwa, wa pili huurudia, wa tatu hujibu. Katika kila mshororo mwimbaji hukoma karibu na katikati, na gitaa humwitikia. B.B. King (1925–2015) alijulikana kwa mwenendo huu: alipoimba gitaa lilinyamaza, alipokoma likasema. Mshindani anayeijaza kila nafasi kwa noti za kasi huonyesha ufundi, ila huyaua mazungumzo.

Msomaji wa Muyaka bin Haji hatakuwa mgeni hapa. Malumbano ya Mombasa na Lamu yakisomwa upande mmoja, vina na mizani hubaki kamili ilhali shairi limepungua. Basi uhakiki unaohesabu mizani pekee utaupimaje ukimya unaongoja jibu? Jukwaa la bluzi lafunza kwamba ukimya huo hupimika, mradi mhakiki akubali kwanza kuwa msikilizaji.