Hema la Nguzo Moja

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini wahenga hao hawakutuambia asiyeweza kuinama afanye nini. Wasomaji wapenzi, wanafunzi wenzangu na walimu wetu watukufu, swali hilo limenisumbua kichwa muhula mzima, na limetokana na jambo ambalo huenda wengine wakalicheka: nilikuwa natafuta hema. Si hema lolote, bali hema jepesi, la mtu mmoja, lenye nguzo moja tu.

Asili yake ni hii. Baadhi yetu tuliingia katika mpango wa Tuzo ya Rais, ambao ulianza hapa Kenya mwaka wa 1966. Ngazi ya kwanza, yaani ya shaba, inamtaka mwanafunzi afanye safari ya siku mbili na kulala nje usiku mmoja, huku akibeba vitu vyake mwenyewe mgongoni. Mwalimu mlezi akatuonyesha picha za mahema ya watembezi wa siku hizi. Yapo yenye uzito wa kilo moja tu! Mtembezi huyasimamisha kwa fimbo yake ya kutembelea, basi, hakuna mzigo wa nguzo. Nikapendezwa kwelikweli. Nilipouliza bei nikanyamaza kimya. Ilikuwa bei ya mbuzi watatu, na kwetu hatuna hata mmoja.

Hata hivyo, hema si kitu kigeni kwetu Garsen. Mto Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, karibu kilomita 1000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi baharini karibu na Kipini. Mvua ikinyesha sana huko juu, na mabwawa kama Masinga na Kiambere yakijaa pomoni, sisi wa huku chini tunapata mafuriko hata kama kwetu jua linawaka. Wazee husimulia mafuriko ya 1961 na ya El Nino ya 1997. Mimi mwenyewe nimeyaona ya 2018 nikiwa mdogo, na tena ya Novemba 2023. Kila mara ni yale yale: tunabeba magodoro, tunapanda mtumbwi, tunahamia penye mwinuko kando ya barabara na kungoja hema la msaada.

Siwalaumu wanaotuletea misaada, maana bila wao tungelala juani. Lakini tuseme ukweli. Hema la kawaida la familia lina sakafu ya mita mraba 16 na uzito wake hupita kilo 40. Kipimo cha kimataifa cha makazi ya dharura ni mita mraba 3.5 kwa kila mtu. Piga hesabu: hema hilo linawatosha watu wanne, na wa tano akibanwa kidogo. Mwaka wa 2023 sisi tulikuwa kumi. Kila mtu alipata mita moja na nusu na ushee, pamoja na sufuria, kuku na vitabu vyangu.

Lakini aliyeumia zaidi ni Bibi yangu, mzaa mama. Yeye alikataa kabisa kuhama. Maji yalifika mlangoni akakataa. Yalifika miguu ya kitanda akakataa. Mjomba alipomfokea, Bibi alimjibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nitalalaje hema moja na mkwe wangu? Nivue leso yangu mbele yake? Afadhali maji yanichukue na heshima yangu." Mkwe aliyemtaja ni baba yangu. Baba alisikia, akatoka hemani bila kusema neno, na tangu usiku ule akalala nje chini ya mwembe, akiliwa na mbu, ili mama mkwe wake apate pa kulala. Alipata malaria kali. Nyumbani hatulizungumzi jambo hilo, lakini kila mtu analikumbuka.

Kwa hiyo nilipoona picha za mahema yale ya mtu mmoja, sikuifikiria safari ya Tuzo peke yake. Nilimfikiria Bibi.

Nilianza kutafuta. Katika maduka ya Garsen nilipata maturubai tu. Abiria mmoja aliyetoka Malindi aliniambia huko yapo mahema ya watalii, lakini ni ya watu wawili au watatu na yana vijiti vingi vya plastiki ambavyo vikivunjika huwezi kupata vingine. Siku ya soko nikamwona mzee mmoja wa Kiorma ameegemea fimbo yake huku akiangalia ng'ombe. Nikamwamkia, "Asalaam aleikum, mzee." Akaitikia, nami nikamweleza shida yangu. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia kuwa wao nyumba zao hujengwa na kina mama kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, na wakihama hupakiwa juu ya punda. "Kijana," akasema, "nyumba inayokushinda kubeba si yako, ni ya mahali. Wewe unatafuta nguzo, na mimi nimeishika mkononi miaka yote." Akanionyesha fimbo yake. Ilinifika kifuani.

Maneno yale yalinifungua macho. Nikakumbuka pia chandarua cha duara tunachopewa kliniki: kinaning'inizwa mahali pamoja tu, kisha kinatanda chote. Hema la nguzo moja ni ndugu yake, ila lenyewe linasukumwa kutoka chini badala ya kuvutwa kutoka juu.

Nilinunua turubai la plastiki jepesi, mita 3 kwa mita 3. Mwenye duka alinipimia kwenye mizani yake: gramu 950. Sasa wale wanaosema hisabati haina kazi maishani wasikilize hapa. Turubai likiwa na ukingo wa mita 3, katikati ya ukingo huo ndipo ncha ya fimbo inaposhika, na kila upande unabaki sentimita 150. Fimbo ni sentimita 120. Je, kigingi cha kila pembe ya mbele kikae umbali gani kutoka mguu wa fimbo? Pithagora anajibu: sentimita 90, kwa sababu 90 mara 90 ni 8100, 120 mara 120 ni 14400, jumla 22500, na hiyo ni 150 mara 150. Vigingi hivyo viwili nilivitia mbele kidogo ya fimbo, kulia na kushoto. Kigingi cha tatu nikakitia nyuma, katikati ya ukingo wa nyuma, nikavuta mpaka turubai likakaza kama ngoma. Pembe mbili za nyuma zilizobaki nilizikunja ndani zikawa sakafu. Vigingi vitatu, fimbo moja, kwisha. Mbele na nyuma zinavutana, na fimbo inabanwa katikati isiende popote, kama tulivyofundishwa katika fizikia kuhusu kani zinazolingana. Ncha ya fimbo niliifunga kitambaa isitoboe turubai.

Nilililalia hema hilo katika safari yetu ya kufuata mto kuelekea Hewani. Tulipiga kambi mbali na ukingo na mbali na njia za viboko, maana kiboko akitoka kula usiku hapishi mtu njia. Usiku wa manane mvua ilinyesha, na upepo ukaja kwa mgongo wa hema, pale linapoteremka hadi chini, ukapita juu. Sikulowa. Ila asubuhi nilikuta matone ndani, si ya mvua bali ya pumzi yangu mwenyewe, kwa sababu plastiki haipitishi hewa. Dawa yake ni kuuacha mlango wazi na kuufunika kwa chandarua. Nacho kinafungwa pale pale kwenye ncha ya fimbo.

Niliporudi nikalisimamisha uani ili Bibi alione. Alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kidole, akauliza, "Na mlango ndio huu?" Nikamwambia ndio. "Na magoti haya yangu? Niingie kama kobe?" Watu wote uani wakaangua kicheko, hata mimi. Lakini alisema kweli. Vijana tunainama, Bibi hawezi.

Basi nikarudi kwenye hesabu. Turubai la mita 4 kwa mita 4 linaacha sentimita 200 kila upande. Nguzo ikiwa 160, vigingi vikae 120. Ni pembetatu ile ile, imekua tu. Uzito unafika kilo moja na gramu 700 hivi, ambao hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuubeba. Kilichobaki kilikuwa nguzo. Bibi akaingia jikoni, akatoka na mchi wake wa kutwangia. Tukaupima: sentimita 160, imezidi vidole viwili! "Huu," akasema, "siuachi hata maji yakija." Mama aliposikia hivyo aligeuka akajifuta macho kwa pembe ya leso, akisingizia moshi.

Hivi sasa turubai hilo limekunjwa na kutiwa katika kikapu cha ukili pamoja na kamba, vigingi na chandarua. Kikapu kinaning'inia kwenye boriti karibu na mlango. Bibi ameshalala ndani ya hema lake usiku mmoja kwa kujaribu, na asubuhi akasema kitu kimoja tu: kwamba amesali humo bila mtu kumkanyaga mkeka. Baba hakusema kitu, lakini yeye ndiye aliyevichonga vigingi upya kwa mti mgumu.

Wenzangu, sisi wa shule ya kutwa tunarudi kila jioni kwenye vijiji ambavyo mto unavijua vizuri kuliko serikali. Hatuwezi kuyazuia maji ya Tana. Lakini katika kila nyumba yupo mtu ambaye hema la watu kumi halimfai: bikizee, mama aliyejifungua juzi, mgonjwa, au mtahiniwa wa kidato cha nne anayetafuta pa kuwashia taa asome. Naomba Chama chetu cha Kiswahili na wale wa Tuzo ya Rais tushirikiane, tuwafundishe watu kufunga hema hili kabla mvua za masika hazijaanza. Si gharama kubwa. Turubai mtanunua, chandarua mnacho, hesabu nimewapa. Nguzo tafuteni jikoni.